Mkalimani wa Daktari Othim

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Metrine Nasipwondi alisimama kando ya Daktari Walter Othim, nyuma kidogo, na kusema kwa Kiswahili yale ambayo Daktari alikuwa ameyasema kwa Kiingereza. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka minane. Hakusomea ukalimani. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya wasichana mjini Kisumu, mjane, mzaliwa wa Bungoma aliyeletwa kando ya ziwa na ndoa na kubakizwa huko na kazi.

Daktari alikuwa mwanahistoria. Alipostaafu kufundisha Nairobi alirudi nyumbani na kuanzisha mihadhara ya bure, ya utamaduni, historia, lugha na muziki. Alisema mambo aliyowafundisha wanafunzi maisha yake yote yalikuwa mali ya watu wa kando ya ziwa, na ilikuwa haki yao kuyasikia bila kufanyiwa mtihani. Tena alitaka yasikike na kila aliyeishi Kisumu, Mluhya, Mkisii, Mkikuyu wa dukani, Mnubi wa Kibos. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kununulia samaki, na alikionea haya. Alikuwa amefikiri kwa Kiingereza muda mrefu hata mkono wake wa kulia ulikuwa kama hauwezi kunyanyuka mpaka Kiingereza kianze. Ndiyo maana alimtafuta Metrine. Alimwendea mwaka ule ule aliofiwa na mumewe, akamwambia, "Mwalimu, sina pole ya kukupa inayotosha. Lakini nina kazi ya Jumamosi." Metrine hakulisahau neno hilo.

Kufikia mwaka wa tisini na sita, watu walikuwa wamepungua. Wengine walikufa, wengine walihamishwa, wengine walisema tu kwamba Jumamosi ni siku ya matanga na mtu hawezi kuwa kila mahali. Wale waliobaki walikuja wakiwa wamechoka, na Metrine alichoka pamoja nao. Alifundisha wiki nzima, akasahihisha insha, na Jumamosi akavaa viatu vya heshima na kwenda kusimama kwa saa mbili.

Siku mambo yalipoanza kuharibika ilikuwa Aprili. Ukumbi wao wa mjini ulikuwa na joto, nusu ya viti vitupu. Mbele kabisa alikaa Bilha Waringa, mama aliyeuza mitumba Kondele. Kila mwezi alimwachia jirani kibanda chake akaja, ingawa Kiingereza hakukijua hata kidogo. Nyuma kabisa alikaa afisa kutoka ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, kwa sababu kila mkutano ulitaka kibali, na kibali kilikuja na yeye. Alikuwa ameshafungua gazeti.

Mhadhara ulikuwa wa nyatiti, kile kinubi cha Waluo. Metrine aliujua hata angeweza kuusema akiosha vyombo. Daktari alieleza jinsi mpigaji anavyokaa chini kwenye kigoda, akavaa pete ya chuma kwenye kidole kikubwa cha mguu na kuigonga kwenye mbao. Akaeleza kwamba nyuzi ni nane, kwamba zamani zilikuwa mishipa ya ng'ombe, halafu nailoni ilipofika kwa wavuvi ikafika kwenye muziki pia. Baada ya hapo alitakiwa kuingia kwenye gitaa.

Hakuingia.

"Nyuzi ni nane," alisema tena.

Metrine alitafsiri, akidhani Daktari anakazia.

"Nyuzi ni nane." Daktari alitazama kiganja chake kana kwamba aliandika kitu pale na mtu amekifuta. Kisha akainua uso na kusema kwa Kiingereza safi, kwa sauti ile ile ya mhadhara, kwamba mama yake hakupenda watoto warudi nyumbani wameloa.

Ilikuwa zamu ya Metrine. Ukumbi ulimtazama. Bilha alikuwa amesogea mbele ya kiti, mikono magotini, akingoja chake.

"Kisha vijana wakarudi kutoka vitani na kutoka mijini wakiwa na magitaa," Metrine alisema. "Vidole vyao vilikuwa vimelelewa na nyatiti. Kwa hivyo walipolishika gitaa, walianza kuitafuta nyatiti ndani yake."

Daktari alisikia. Kiswahili chake cha kununulia samaki kilimtosha kushika neno gitaa. Uso wake ukafunguka. "Magitaa, ndiyo," akasema kwa Kiingereza, na akaendelea mpaka mwisho bila kujikwaa.

Walipomaliza, Bilha alikuja kumshika Metrine mkono. "Mwalimu, leo umeongea poa sana. Hiyo ya gitaa, hiyo nimeelewa kabisa."

"Asante, Bilha."

Wachache waliojua Kiingereza walitoka bila kusema kitu. Bila shaka walisema moyoni kwamba mzee amechoka, na nani hakuchoka.

Jioni hiyo Metrine alimsindikiza Daktari hadi nyumbani kwake Milimani. Mkewe, Elsie, nesi mstaafu aliyekuwa ameketi pembeni ukumbini, alimwita jikoni na kuufunga mlango.

"Uliona," Elsie alisema.

"Niliona. Ilianza lini?"

"Krismasi. Aliniuliza kama mamake amekula. Mamake tulimzika mwaka wa sabini na mbili." Elsie alikuwa akimimina chai. "Mimi nimekaa wodini maisha yangu yote, Mwalimu. Ninaujua huu ugonjwa, na ninajua hauna dawa. Funguo za gari nimeficha. Nikamwambia ziko kwa fundi."

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Siku zingine anajua. Hizo ndizo siku mbaya."

Walisikia Daktari akikohoa sebuleni. Elsie akapunguza sauti.

"Nataka kukuomba kitu. Hii mihadhara ndiyo inamtoa kitandani. Anaamka, ananyoa ndevu, anatafuta tai. Ikiisha, sijui atakuwa anaamkia nini. Leo umemshika mkono na hakuna mtu aliyeona. Endelea kumshika. Mpaka Agosti tu, ratiba ya mwaka iishe, halafu tutasema ni afya."

"Elsie, mimi nimechoka."

"Hata mimi."

Walitazamana. Metrine angeweza kukataa. Alikuwa na sababu zote, na Elsie asingemlaumu. Lakini alikumbuka yule mwanaume aliyesimama mlangoni kwake na kazi ya Jumamosi, akanywa chai yake yote, na akakubali.

Hakujua alichokubali. Kumtafsiria mtu anayejua anakokwenda ni kazi ya masikio na mdomo. Sasa alipaswa kusikiliza kila sentensi ya Daktari na kuamua papo hapo kama inafaa kuokolewa, na kama haifai, aweke nini mahali pake, kwa njia ambayo itamrudisha mzee barabarani bila kumshtua. Alianza kujiandaa kama aliyepewa somo jipya. Alisoma vitabu vya Daktari wakati wa chakula cha mchana, chaki mkononi. Usiku alilala na sentensi zake na asubuhi akaamka nazo. Wanafunzi wakamuuliza kama ni mgonjwa.

Mwezi wa Mei walikwenda Otonglo, kwenye kanisa moja karibu na soko. Mada ilikuwa Kiswahili cha Kisumu, kilikujaje na kwa nini kikawa hivi kilivyo. Daktari alianza kwa kusema reli ilifika ziwani na watu wake. Halafu akapotea moja kwa moja. Alisimulia jinsi yeye na ndugu zake walivyoogelea, nani alizama karibu kufa, nani alimvuta. Alisimulia kwa furaha, kwa Kiingereza, mikono ikiruka.

Metrine aliwaambia watu wa Otonglo habari za wapagazi na askari na waashi waliojenga mtaa wa Kaloleni. Aliwaambia jinsi kila mmoja alivyokuja na Kiswahili chake, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumsahihisha mwenzake. Mfano ulipokosekana, alitoa wake. Akasimulia siku ya kwanza aliyopelekwa sokoni na mama mkwe wake, bibi harusi kutoka Bungoma, akauliza bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa Kiswahili cha shuleni, na mama mmoja akamwita wenzake: njooni, kuna mtu anauza maneno hapa! Kanisa zima lilicheka. Wanawake waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma walipiga makofi.

Katikati ya kicheko ndipo alipogundua alichofanya. Habari za wapagazi zilikuwa za Daktari, alizisoma kitabuni mwake. Hii ya omena haikuwa ya Daktari hata neno moja.

Na Daktari alikuwa akicheka pamoja nao. Alicheka hadi akavua miwani na kupangusa macho, na akampiga Metrine begani polepole, kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kubeba vizuri mzigo wake. Aliamini yeye ndiye aliyewachekesha. Metrine aliteremsha macho. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na moyo mzito kuliko Aprili, ingawa kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa.

Mwezi wa Juni ulipita hivyo hivyo. Wa Julai ulikuwa wa Chuo cha Maseno.

Mhadhiri kijana wa historia aliyeitwa Gordon Ambala ndiye aliyewaalika. Alikuwa amesoma kila kitu ambacho Daktari alikuwa ameandika, na barua yake ilijaa heshima. Metrine alimpigia simu ya ofisini na kumwambia kwamba wanafunzi wote wanajua Kiingereza, mkalimani wa nini. Alitumaini mwaliko wenyewe ungekufa. Lakini Daktari alipoulizwa alisema, "Siendi bila Mwalimu," na Gordon akajibu kwamba ataheshimu desturi ya mzee. Siku ilipofika Elsie alikuwa na malaria. Walikwenda wawili, kwa gari lililotumwa na Gordon.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mada ilikuwa nyimbo za matanga, zile ambazo wanawake huzitunga palepale wakimwendea maiti. Daktari alianza vizuri ajabu. Sauti ilikuwa ile ya zamani, na Metrine akathubutu kupumua. Alieleza jinsi mwombolezaji anavyoweza kumsifu marehemu na kumsema vibaya katika ubeti mmoja. Akaeleza kwamba hapo ndipo mwanamke aliyenyamazishwa mwaka mzima anapopata ruhusa ya kusema.

Kisha akasema mama yake alikuwa akiimba akisaga wimbi.

Wanafunzi waliandika. Akasema tena. Wakaacha kuandika. Aliposema mara ya tatu, kulikuwa na mnong'ono uliozunguka ukumbi, na Metrine, kwa sauti iliyonyooka, akawaambia kwa Kiswahili kwamba wimbo wa matanga una sehemu tatu, akaanza kuzitaja.

"Mathe anajitungia!" mtu alisema kutoka dirishani, na kicheko kikatoka.

Gordon alisimama. Hakuwa akicheka. Alikuwa na uso wa mtu anayelinda kitu anachokipenda. "Samahani sana, Mama," alisema kwa Kiswahili. "Lakini Daktari hakusema hivyo. Tungependa kusikia alichosema yeye mwenyewe."

Daktari alimgeukia Metrine. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusema Kiswahili mbele ya watu. Sasa alikisema, kile chake cha kununulia samaki, polepole.

"Mwalimu. Mimi nimesema nini?"

Angeweza kudanganya. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini macho ya mzee yalikuwa safi kabisa wakati huo. Ilikuwa moja ya zile siku mbaya ambazo Elsie alizitaja, siku ambazo anajua.

"Umesema mama yako alikuwa akiimba akisaga wimbi. Umesema mara tatu."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema mhadhara wako. Kama unavyousema siku zote."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili, Daktari."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Akawageukia wanafunzi na kuwashukuru kwa Kiingereza, kwa adabu kamili, akawaambia wamsamehe, mhadhara umefika mwisho wake. Akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumngoja mtu.

Gordon alimkimbilia Metrine nje. "Mama, haki, sikujua. Nilidhani ni makosa ya kutafsiri. Kama ningejua—"

"Ulisikia vizuri," Metrine alimwambia. "Hukukosea mahali popote." Hakuwa na nguvu ya kumliwaza zaidi ya hapo.

Ndani ya gari Daktari alikaa mbele na dereva. Mvua ilinyesha kidogo ikakoma. Walipokaribia mjini akazungumza bila kugeuka.

"Wewe na Elsie mlinizika. Halafu mkaendelea kunibeba, mkinionyesha kwa watu."

"Hatukutaka hivyo."

"Ninajua mlichotaka. Mimi si mtoto." Sauti ilipanda, ikavunjika, ikatulia. "Mtu akishindwa kusema, aachwe ashindwe. Hiyo nayo ni yake."

Machozi yalikuwa yakimtoka Metrine na hakujisumbua kuyapangusa, kwa sababu hakukuwa na wa kumwona isipokuwa dereva kwenye kioo, na dereva kwa heshima aliyarudisha macho yake barabarani.

Kisha Daktari akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Ile ya Otonglo. Walicheka sana. Ile ya omena. Nilisema mimi?"

"Hapana. Ilikuwa yangu."

"Ilikuwa nzuri," alisema, akageuzia uso dirishani.

Wiki zikapita. Daktari hakutaka kumwona, wala kwa siku kadhaa hakuzungumza na Elsie. Metrine alirudi kwenye insha zake. Alidhani angepumzika, lakini uchovu ulipokosa kazi ya kufanya ulikaa tu mwilini kama homa isiyopanda wala kushuka. Bilha alimwona sokoni Kondele akamuuliza Agosti ni mada gani. Metrine akasema hajui kama kutakuwa na Agosti.

"Aka, mwalimu! Mimi nimezoea. Jumamosi hiyo mimi huwa sina kazi ingine ya kichwa, ni nguo tu, nguo, nguo."

Elsie mwenyewe alikuja kumchukua shuleni, mchana, akiwa bado amekonda kwa malaria. "Anakutaka. Njoo sasa, leo ni siku yake nzuri, sijui kesho."

Daktari alikuwa barazani, amevaa tai. Hakumwambia akae, na Metrine akakaa.

"Agosti nitazungumza," alisema. "Nitazungumza kwa Dholuo, lugha ya nyumbani. Bila wewe."

Daktari alinyoosha tai yake.

"Kiingereza ndicho kinachoniponyoka kwanza. Elsie anasema nikilala naongea Dholuo tu. Basi hicho ndicho kilichobaki, na nitakitumia mwenyewe. Kikiisha, kiishe nikiwa ninaongea mimi."

"Na wale wasiojua Dholuo?"

"Watakaa wasikie sauti. Wengi walikaa wakasikia Kiingereza changu miaka minane na hawakulalamika."

Kitu cha kwanza Metrine alichohisi kilikuwa hasira, kwamba anaachishwa kazi aliyoifanya hadi ikamla. Cha pili kilikuwa nafuu kubwa hata akaona aibu, akainamisha kichwa.

"Utakuja?" Daktari aliuliza.

"Nitakuja."

"Kaa mbele. Usisimame."

Jumamosi ya mwisho ya Agosti ukumbi ulijaa kuliko ulivyojaa kwa miaka. Habari za Maseno zilikuwa zimezagaa, na watu walikuja kwa sababu nzuri na kwa sababu mbaya. Gordon alikuja, akakaa pembeni. Afisa wa ofisi ya DC, ambaye hakuwa mtu wa ziwani, aligundua mhadhara ni wa Dholuo akaweka gazeti chini, akakaa wima saa nzima kwa wasiwasi wa mtu atakayetakiwa kuripoti asichokielewa.

Metrine alikaa karibu na Bilha. Mikono yake haikujua ikae wapi.

Daktari alianza. Dholuo chake kilikuwa kizito, cha zamani, na wazee waliinua vichwa wote kwa pamoja. Walimwitikia. Kuna mahali alisema kitu na safu nzima ya wanaume ikacheka kifuani, na mahali pengine mama mmoja akasema "Eee!" kwa sauti ya kuumwa. Metrine alikijua Dholuo cha sokoni na cha msibani. Alishika ziwa, alishika mama, alishika wimbo. Mengine yalimpita kama maji.

Bilha alimgusa kiwiko. "Anasema nini?"

Metrine alifungua mdomo, kwa mazoea, na hakukuwa na kitu. "Anasema juu ya mamake, na ziwa. Ingine sijui."

"Wewe hujui?"

"Sijui, Bilha. Leo nimekuja kusikiliza kama wewe."

Bilha alimtazama, kisha akarudisha macho mbele, akakaa kusikia sauti.

Kwa muda mzuri mambo yalikwenda. Halafu Daktari akawasalimu watu. Ilikuwa salamu ile ile aliyoanza nayo, neno kwa neno, na baada yake kikaja kisa kile kile. Watu waliangaliana. Mama mmoja mzee aliitikia salamu kwa sauti kubwa, kama ndiyo kwanza inatolewa, na wengine wakamfuata. Aliposalimu mara ya tatu, mama yule aliitikia tena, lakini sasa waliomfuata walikuwa wachache. Vijana kadhaa wakasimama, wakatoka wakiwa wameinama. Mmoja alikuwa akicheka. Gordon alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Metrine alisikia maneno yakimpanda kooni, ya kumrudisha mzee njiani. Angeweza kusema sentensi moja tu. Alishika ukingo wa kiti na kunyamaza, na kunyamaza huko kulimchosha kuliko kusimama kwa miaka yote.

Daktari aliwatazama watu kutoka upande huu hadi ule.

"Wiya owil," alisema. Kisha, kwa wale wengine wote, kwa Kiswahili chake cha kununulia samaki: "Nimesahau."

Elsie aliinuka kutoka kando, akapanda jukwaani na kumshika mkono. Daktari alimtazama, akafurahi, akamwita Anyango, jina la dada yake aliyefariki. Elsie akaitika kwa jina hilo. Walipoteremka ngazi wazee wakasimama, halafu wengine wote wakasimama pia, bila makofi, mpaka hao wawili walipofika mlangoni na kutoka.

Huo ndio ulikuwa mhadhara wake wa mwisho. Kamati iliyoandaa mihadhara ilimwomba Metrine aiendeleze kwa jina lake mwenyewe, na Gordon akamwandikia kwamba atasaidia kwa lolote. Akawajibu kwamba wampe muda, na hakusema muda gani. Bilha alimlaumu waziwazi pale kibandani kwake, huku akikunja sweta za watoto. "Si basi utuambie hata ile ya kwenu Bungoma? Lazima iwe ya daktari?" Metrine akasema atafikiria. Alikuwa na hakika hatafikiria. Lakini mara moja au mbili, akifuta ubao, alijikuta akipanga sentensi ya kwanza, na akaiacha.

Jumapili baada ya kanisa alianza kwenda Milimani. Hakwenda kwa ajili ya Daktari hasa. Alikwenda ili Elsie apate kulala. Alikaa na mzee barazani, mahali ambapo ziwa lilionekana kwa mbali likiwa limefunikwa na gugumaji, kijani tupu kama shamba. Siku zingine mzee alimjua na kumwuliza habari za shule. Siku nyingi hakumjua, akamsimulia mambo kwa Dholuo, marefu, na Metrine akaitikia mahali palipoonekana panataka kuitikiwa. Akijibu vibaya, mzee alingoja kidogo, kisha akaendelea.

Chumbani Elsie alilala na viatu miguuni, hadi jua likageukia upande wa pili wa nyumba, na hakuna aliyemwamsha.